Jules Verne na Miezi Miwili ya Tabora

Mtoto wa shule hapa Eldoret akiketi na wazazi na ndugu zake kutazama sinema ya watu warukao kwa roketi hadi mwezini, aghalabu huamini kwamba mambo hayo ni ya Wamarekani na Warusi, na kwamba yeye ni mtazamaji tu. Walimu wengi nao huamini vivyo hivyo. Dhana hiyo naipinga, na ushahidi wangu ni maisha ya Mfaransa mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambaye sinema hizo zote ni wajukuu zake. Jina lake ni Jules Verne. Safari ya kwanza ya hewani iliyompa umaarufu haikuanzia Florida wala Paris, bali Unguja.

Alizaliwa tarehe 8 Februari 1828 mjini Nantes, bandari ya Mto Loire iliyotajirika sana kwa biashara ya watumwa. Babake, wakili mashuhuri, alitaka mwanawe mkubwa arithi ofisi yake. Kijana akapelekwa Paris kusomea sheria. Akasoma, akafuzu, kisha akakataa kurudi. Miaka mingi ikampita akitunga michezo ya kuigiza isiyomletea chochote. Alipomwoa mjane mwenye binti wawili mwaka 1857, ilimlazimu kuwa dalali wa hisa ili nyumba ipate mkate. Lakini kila alipopata nafasi alikuwa maktabani, akisoma jiografia, fizikia na habari za wasafiri, akinakili alichoona kina faida. Wanafunzi wadhanio kwamba mtunzi huketi akingoja ndoto wangelitazama jambo hilo kwa makini.

Riwaya yake ya kwanza ya kusifika ilichapishwa Januari 1863. Inasimulia wasafiri watatu kutoka Uingereza wanaovuka Afrika kwa puto la haidrojeni katika majuma matano. Verne hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki, wala hakuikanyaga hadi kufa kwake. Aliyoyaandika aliyatoa katika taarifa za Burton na Speke, waliofika Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati huo, mwaka 1857.

Na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Katika riwaya hiyo, wenyeji wa Unguja wanataka kulishambulia puto kwa sababu wanadhani wageni wamekuja kulidhuru jua na mwezi. Puto linapofika Kazeh, watu wanadhani ni mwezi wenyewe ulioshuka, na wasafiri wanapokewa kama watoto wa mwezi. Usiku ukaingia, mwezi wa kweli ukachomoza, ikawa miezi miwili mbinguni kwa wakati mmoja. Udanganyifu ukafichuka, na wageni wakakimbilia kambani kujiokoa. Bila shaka Verne alivutiwa na jina la Wanyamwezi, ambalo wasafiri wa Ulaya walilifasiri kuwa watu wa nchi ya mwezi.

Kisa kinachekesha, sikatai. Lakini tuulize ni nani anayechekwa. Manahodha wa pwani walikuwa wakivuka bahari hadi Arabuni na Bara Hindi kwa kuongozwa na nyota. Wakulima walikitazama Kilimia ili wajue majira ya kupanda. Waislamu wa Unguja walikuwa wakiuandama mwezi kila Ramadhani. Na wapagazi wa Kinyamwezi, waliotembea miezi kadhaa kwenda pwani na kurudi, wangeupotezaje mwezi waliouhesabia safari? Verne, aliyekuwa mwangalifu ajabu katika hesabu za gesi na uzito, hakuwa na uangalifu huo alipoandika habari za watu.

Hesabu hizo, hata hivyo, ndizo zilizompa heshima yake. Mwaka 1865 alitoa riwaya ya mzinga mkubwa unaorusha watu mwezini, na baada ya miaka michache ikafuata ya pili. Wasafiri wake watatu waliondoka Florida wakiwa ndani ya chombo cha alumini, wakauzunguka mwezi na kuangukia Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1968 wanaanga watatu wa Apollo 8 waliondoka Florida, wakauzunguka mwezi, wakaangukia Pasifiki. Verne aliichagua Florida kwa sababu mwezi hupita utosini katika nchi zilizo karibu na ikweta tu, ndani ya digrii 28 hivi. Eldoret, iliyo nusu digrii kutoka ikweta, ingefaa pia kwa kanuni hiyo.

Kosa lake lilikuwa mzinga: mshtuko wa kufyatuliwa ungewaua abiria papo hapo. Aliyeipata njia iliyo bora ni mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliyepoteza uwezo wa kusikia utotoni. Vitabu vya Verne vilimwasha moyo, akakaa na hesabu zake hadi mwaka 1903 alipochapisha kanuni ya roketi itumikayo hata leo.

Mwaka uliotangulia, Verne akiwa angali hai, Georges Méliès alitengeneza karibu na mji wa Paris sinema fupi iliyochota katika riwaya zake, pamoja na ya Mwingereza H. G. Wells. Katika sinema hiyo chombo kinalichoma jicho la mwezi, wataalamu wenye ndevu wanawapiga wenyeji wa mwezini kwa miavuli hadi wanageuka moshi, na mwenyeji mmoja anarudishwa duniani akaonyeshwe mbele ya umati. Watoto hucheka hadi leo. Aliyeisoma historia ya Afrika atamtambua mateka yule.

Verne aliishi miaka yake ya mwisho Amiens, akiwa diwani wa mji tangu 1888, akichechemea kwa sababu ya risasi aliyopigwa mguuni na mpwa wake mwaka 1886. Kisukari kilimwua tarehe 24 Machi 1905.

Miaka 65 baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, roketi ilipaa kutoka jukwaa lililosimama baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa ushirikiano wa Waitaliano na Wamarekani. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Orodha iliyotokana na kazi yake ina vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake viliwasaidia wataalamu kukitambua kimoja kuwa shimo jeusi. Mwambao ulioirusha ndio ule ule ambao, kwa kalamu ya Verne, watu wake waliliogopa puto.