Rebmann: Aliyeiona theluji ya Kilimanjaro akarejea kwao kipofu

MSAFIRI anayetoka Mombasa kuelekea bara kupitia Mazeras akichepuka kidogo tu hufika Rabai, kijiji kilicho juu ya vilima vinavyotazama Bahari Hindi. Hapo pamesimama kanisa kongwe, makumbusho madogo na nyumba za wamisionari wawili Wajerumani. Mmoja wao, Ludwig Krapf, jina lake linafahamika na wengi. Wa pili, Johannes Rebmann, hutajwa zaidi kwa mlima aliouona kuliko kwa miaka 29 aliyoishi pwani ya Kenya.

Hata hivyo, ni Rebmann aliyebaki wakati wenzake walipoondoka, wengine kwa maradhi, wengine kwa kifo. Na kwa miaka 14 kati ya hiyo, alibaki pamoja na mkewe, Emma.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, eneo la Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipata mafunzo ya umisheni mjini Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza kujiunga na shirika la umisheni la Kanisa la Anglikana, CMS. Alitua Mombasa mnamo Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26.

Mwenyeji wake alikuwa Krapf, ambaye alikwisha kuonja uchungu wa pwani. Miaka miwili awali, Julai 1844, Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, wote wakiwa wameuawa na homa. Mnamo Agosti 1846 wanaume hao wawili, huku wakisumbuliwa na homa hiyo hiyo, walihamia Rabai baada ya kupewa ruhusa na wazee wa Wamijikenda wa huko.

Safari iliyompatia Rebmann sifa ilianza Aprili 1848. Aliondoka Rabai akielekea Uchaga pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri. Asubuhi ya Mei 11, 1848 aliona kileleni mwa mlima kitu cheupe alichodhani ni wingu. Alipomwuliza mwenzake, alijibiwa kwamba kile ni baridi. Rebmann, aliyekuwa amekulia katika nchi ya majira ya baridi kali, hakuhitaji maelezo zaidi. Ile ilikuwa theluji.

Wachaga walikuwa wakiujua mlima wao tangu enzi za mababu, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipita miguuni pake kila mwaka. Lakini kwa wasomi wa Ulaya, habari ya theluji karibu na mstari wa ikweta ilikuwa kioja. Taarifa ya Rebmann ilipochapishwa London mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hizo, aliikejeli na kudai kwamba mmisionari huyo alidanganywa na macho yake.

Krapf naye alipata kejeli kama hizo. Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya na kuripoti kuwa nao una theluji. Ubishi huo ulififia baada ya msafara wa Karl Klaus von der Decken kuukwea mlima Kilimanjaro hadi sehemu za juu mwaka 1862 na kuthibitisha alichokisema Rebmann.

Rebmann mwenyewe hakuwa na hamu ya kuendeleza malumbano. Safari yake ya tatu ya Uchaga, mwaka 1849, ilikuwa ya masikitiko. Alinuia kupenya hadi Unyamwezi, lakini Mamkinga, mtawala wa Machame, alimnyang'anya bidhaa zake karibu zote. Ilimbidi arudi pwani mgonjwa na mikono mitupu.

Tangu hapo njia yake na ya Krapf zilianza kuachana. Krapf alikuwa na ndoto ya kujenga mlolongo wa vituo vya umisheni kutoka Mombasa hadi upande wa pili wa Afrika. Rebmann aliamini kwamba ni heri kituo kimoja chenye mizizi kuliko vingi visivyo na watu wa kuvitunza. Krapf, afya ikiwa imemdhoofikia, aliondoka mwaka 1853. Rebmann akabaki.

Kufikia wakati huo hakuwa peke yake tena. Mwaka 1851 alikuwa amesafiri hadi Misri, akamwoa Emma Tyler, Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika kazi ya umisheni huko. Mwaka uliofuata wawili hao waliwasili Mombasa, na wakafanya makao yao Kisuludini, Rabai.

Maisha yao hayakuwa na fahari yoyote. Barua zilichukua miezi mingi kufika, dawa zilikuwa haba na homa haikukoma. Walijaliwa mtoto mmoja, naye akafariki siku chache tu baada ya kuzaliwa. Hawakupata mwingine. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamaasai katika eneo hilo yaliwalazimu kukimbilia Zanzibar, na baadaye walirejea kuanza upya.

Kwa hesabu ya waumini, mavuno yalikuwa madogo mno. Mkristo wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete aliyefariki muda mfupi baada ya kubatizwa. Waliofuata walihesabika kwa vidole. Wamijikenda walikuwa na dini yao, kaya zao na wazee wao, na hawakuona sababu ya kuviacha kwa ajili ya wageni wachache.

Lakini kulikuwa na kazi nyingine iliyoendelea kimyakimya. Rebmann alikusanya maneno ya Kiswahili, Kinika na Kinyanja. Lugha hii ya mwisho alijifunza kutoka kwa Salimini, mtumwa aliyetekwa sehemu za Ziwa Nyasa na kufikishwa pwani. Aidha, pamoja na mwenzake Jakob Erhardt, alihoji wafanyabiashara wa misafara kuhusu maji makubwa ya bara. Ramani waliyoitoa kati ya 1855 na 1856 ilionyesha ziwa moja kubwa ajabu.

Ramani hiyo ilikuwa na makosa, kwani maziwa ni zaidi ya moja. Hata hivyo, iliwachochea wanajiografia wa London kuwatuma Richard Burton na John Speke, ambao mwaka 1858 walifika Ziwa Tanganyika, na Speke akafika Ziwa Victoria.

Mwaka 1864 Rebmann alipata wasaidizi Waafrika kutoka Nasik, India. Miongoni mwao walikuwa George David, William Jones na Ishmael Semler, watu waliookolewa kutoka utumwani na kusomeshwa huko. Ndio waliokuja kuwa nguzo ya kanisa la pwani.

Pigo kuu lilikuja mwaka 1866 Emma alipoaga dunia. Rebmann, aliyekuwa na miaka 46, angeweza kurudi kwao bila kulaumiwa na yeyote. Alikaa Rabai miaka tisa zaidi, akiandika kamusi zake huku nuru ya macho ikizidi kumpotea. Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alipozuru pwani mwaka 1873 alimkuta mzee kabla ya wakati wake, akiwa na waumini wachache.

Mwaka 1875, CMS ilipoanzisha makazi ya watumwa walioachiliwa huru huko Freretown, Rebmann hatimaye alifunga safari. Kwa kuwa hakuweza kuona njia, aliongozwa na Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wa mwanzo wa Rabai, aliyefuatana naye hadi Ulaya.

Alitulia Korntal, jirani na rafiki yake wa zamani Krapf. Tofauti zao za kale hazikuwazuia kuwa pamoja. Rebmann alioa tena, lakini mapumziko hayo hayakudumu. Alifariki Oktoba 4, 1876 akiwa na umri wa miaka 56. Mwaka uliofuata Krapf aliisimamia kamusi ya Kinyanja ya mwenzake hadi ikachapishwa.

Vitabu vya shule vimemkumbuka Rebmann kwa asubuhi moja ya Mei chini ya Kilimanjaro. Huko Rabai, kanisa alilolitumikia likiwa na waumini wa kuhesabika bado lipo, na nyumba alimoishi ingali imesimama.