Georges Hébert: Ofisa wa majini aliyefundisha kujenga mwili bila vyuma

Alfajiri kwenye ufuko wa Tchomia, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Albert, mashariki mwa Bunia, mitumbwi husukumwa majini, nyavu huvutwa na mizigo ya samaki hupandishwa mabegani. Waliozoea kazi hizo huwa na migongo mipana na mikono iliyokaza, ingawa wengi wao hawajawahi kugusa kipande cha chuma cha mazoezi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, ofisa mmoja wa jeshi la majini la Ufaransa aliwatazama watu wa namna hiyo katika safari zake, Afrika na kwingineko. Alijiuliza kwa nini miili yao ilikuwa imara kuliko ya mabaharia wake waliofanya mazoezi kila siku. Ofisa huyo ni Georges Hébert, na jibu alilolipata lilibadili mafunzo ya askari wa nchi yake. Hata leo linamfaa kijana anayetaka kuanza mazoezi akiwa hana kifaa chochote ila mwili wake.

Hébert alizaliwa Paris Aprili 27, 1875, akajiunga na jeshi la majini akiwa bado kijana. Mei 8, 1902, mlima wa volkano wa Pelée ulilipuka katika kisiwa cha Martinique na kuuteketeza mji wa Saint-Pierre. Watu karibu 30,000 walikufa, wengi wao ndani ya dakika chache. Hébert, aliyekuwa na umri wa miaka 27, anatajwa kuwa miongoni mwa walioongoza uokoaji wa watu wapatao 700.

Aliondoka huko na wazo ambalo hakuliacha hadi kufa: nguvu ya mtu haina thamani kubwa kama haiwezi kumsaidia mwenzake. Kwake, kifua kikubwa cha mtu asiyeweza kuogelea, kupanda ukuta au kumbeba majeruhi kilikuwa kazi iliyoachwa nusu.

Kuhusu watu wa makoloni aliowasifu, Hébert aliandika kana kwamba hawakuwa na mwalimu mwingine zaidi ya maisha ya porini. Hapo alikosea. Mtoto wa mvuvi hajui kupiga kasia kwa kuzaliwa. Hufundishwa na baba, kaka au mjomba, huanza na kazi ndogo na hupewa nzito kadiri anavyokua. Huo ni mpango wa mazoezi, hata kama haukuandikwa kitabuni. Ofisa huyo aliuona mwili, lakini shule iliyoujenga hakuiona. Sifa za njia hiyo zikabaki kwa jina lake.

Wakati huo mazoezi ya viungo Ulaya yalikuwa zaidi ya kusimama mistarini na kuinua mikono kwa amri. Alipokabidhiwa mafunzo ya wanamaji huko Lorient, Hébert aliwatoa mistarini. Aligawa mazoezi yake katika makundi 10: kutembea, kukimbia, kuruka, kutambaa kwa mikono na miguu, kupanda, kujisawazisha, kurusha, kunyanyua, kujihami na kuogelea. Aliiita njia ya asili. Uwanja wake ulikuwa na magogo, kuta, kamba na mawe, na wanafunzi waliuzunguka wakipita kikwazo kimoja baada ya kingine. Njia ya vikwazo inayotumika leo katika kambi nyingi za jeshi duniani inahusishwa na kazi yake.

Aliamini pia katika vipimo. Aliweka majaribio yenye alama, yakiwemo mbio za mita 100, 500 na 1,500, kupanda kamba, kunyanyua uzito wa kilo 40 na kuogelea. Mtu alipimwa, akaandikiwa alama zake, kisha akapimwa tena baadaye ili aonekane alikotoka na alikofika. Hakutakiwa kuanza alipo jirani yake.

Sehemu ya mafundisho yake inayosahaulika zaidi ni ile ya kupumzika. Hébert alitaka kipindi kimoja cha mazoezi kiende bila kusimama, lakini si kwa kasi moja. Baada ya kazi nzito ilifuata nyepesi: aliyepanda kamba alirudi akitembea huku akivuta pumzi ndefu, na aliyekimbia alikwenda kwenye zoezi la kujisawazisha. Mikono ilifanya kazi miguu ikipumzika, kisha zamu ikageuka. Kila mtu alipewa kipimo chake, na kipimo hicho kiliongezwa polepole.

Ujuzi wa leo kuhusu misuli haupingani naye. Wiki za kwanza mwanafunzi huongezeka nguvu hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamrisha misuli. Unene wa misuli huonekana baadaye. Wengi hukata tamaa hapo hapo, kwa kuwa kioo hakijabadilika. Maumivu ya misuli baada ya zoezi jipya huja siku ya pili au ya tatu, kisha hupoa. Ndiyo maana anayeanza hushauriwa kufanya pushapu, kujivuta juu ya tawi na kuchuchumaa mara mbili au tatu kwa wiki, akiacha takriban saa 48 kabla ya kuirudia misuli ile ile. Msuli hukua wakati wa mapumziko, kwa usingizi wa kutosha na chakula chenye protini. Samaki na maharage vinatosha. Si lazima unga wa kopo.

Anayeruka hatua hizo anaweza kulipa kwa afya yake. Mtu asiyezoea akipiga mamia ya kuchuchumaa siku moja kwa sababu ya dau au mashindano ya mtaani, misuli inaweza kuvunjika na kumwaga uchafu wake katika damu hadi figo zikaumia. Mkojo ukigeuka kuwa wa kahawia kama soda ya kola, huku misuli ikivimba na kuuma kupita kiasi, huyo anahitaji hospitali upesi. Maumivu makali ya kuchoma ndani ya kiungo nayo ni ishara ya kusimama.

Kwa mji kama Tchomia kuna hesabu nyingine. Aliyevuta nyavu usiku kucha amekwisha kufanya mazoezi ya mgongo na mikono. Akiongeza pushapu 200 jioni, anaukata usingizi na chakula ambavyo mwili wake ulikuwa ukivisubiri. Kwa kanuni ya Hébert ya kubadilisha kazi, angefaidika zaidi na miguu, kujisawazisha au kuogelea taratibu, na siku nyingine asifanye lolote. Karani wa Bunia anayekaa kitini mchana kutwa ana hesabu tofauti kabisa.

Mwaka 1913 vijana wa Hébert walionyesha mazoezi yao katika kongamano la elimu ya viungo jijini Paris, na mwaka huo huo akapewa kuongoza chuo cha wanariadha mjini Reims. Furaha haikudumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuka mwaka 1914, chuo kikaharibiwa kwa mabomu, na yeye mwenyewe akajeruhiwa vitani Ubelgiji. Baada ya vita alianzisha shule ya mazoezi ya wanawake na kushambulia vazi la kubana kiuno lililowanyima pumzi, akisema mwili wa mwanamke unahitaji misuli kama wa mwanamume. Mwaka 1925 alitoa kitabu cha kuukosoa mchezo uliogeuzwa maonyesho na biashara, na hilo halikumwongezea marafiki katika vyama vya michezo.

Uzeeni alipata kiharusi cha mwili kilichomnyang'anya alivyofundisha kwa miaka 50. Hakuweza kutembea, kusema wala kuandika. Mtu aliyewapima mabaharia kwa sekunde na kilo akawa mwanafunzi wa hatua ya kwanza, na kwa mazoezi ya kujirudia alijifunza upya yote matatu, jambo lililowashangaza waliokuwa karibu naye. Mwaka 1955 serikali ya Ufaransa ilimpandisha daraja katika nishani yake ya heshima. Alifariki Agosti 2, 1957, akiwa na umri wa miaka 82.

Baadaye, kijana aitwaye Raymond Belle, aliyekuwa amepitia mazoezi ya vikwazo katika shule ya kijeshi nchini Vietnam, alijiunga na zimamoto wa Paris. Mwanawe David aliyachukua mazoezi hayo hadi kwenye kuta na mapaa ya mitaa ya pembezoni mwa jiji, na yakaenea duniani kwa jina la parkour, neno lililotoholewa kutoka jina la Kifaransa la njia ya vikwazo.