Utulivu wa Mwisho Hufunzwa Mwanzo

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi haina uhaba wa wacheza ubao. Kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Umoja na Dandora, vijana kwa wazee huinamia dama penye kivuli, vizibo vya chupa vikiwa ndizo kete zao. Mwanafunzi aliyekulia huko akionyeshwa sataranji shuleni, hakawii kuipenda. Shida yake huja baadaye. Katika pambano la haraka la kuamua mshindi, saa ikiwa imembakishia dakika moja naye akiwa amemzidi mwenzake askari mmoja, mkono huanza kutetemeka, na ushindi uliokuwa kiganjani humponyoka. Nasi walimu hutoa hukumu papo hapo kwamba kijana huyu ni mwoga. Je, ni woga kweli, au ni kutojua jambo ambalo hatukumfunza?

Natuyatazame maisha ya José Raúl Capablanca. Alizaliwa Havana, Cuba, tarehe 19 Novemba 1888. Yasimuliwa kwamba aliujua mchezo huu akiwa na umri wa miaka minne, kwa kumtazama tu babake akicheza. Mwishoni mwa mwaka 1901, akiwa ndio kwanza atimize miaka 13, alimshinda Juan Corzo, bingwa wa nchi yake. Alipokwenda New York kusoma, masomo yalimshinda kumvuta lakini klabu ya sataranji ya Manhattan ikamvuta. Huko, mwaka 1906, kijana huyo wa miaka 17 alishinda mashindano ya mchezo wa haraka, akamtangulia Emanuel Lasker aliyekuwa bingwa wa dunia.

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini mchezo wa saa humlazimisha mtu kuharakisha, na mwenye baraka ni yule asiyehitaji kufikiri upya jambo alilokwisha kulijua. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya Capablanca. Kete zilipopungua ubaoni, wengine walianza kutapatapa, ilhali yeye alikuwa amefika nyumbani. Alijua kwamba wafalme wawili wakikabiliana, mraba mmoja tu kati yao, anayelazimika kusogea ndiye atoaye njia. Alijua pia kwamba mfalme, ambaye mwanzoni hufichwa, mwishoni hugeuka kuwa mpiganaji. Huko New York mwaka 1924, akicheza na Savielly Tartakower, aliwaachia askari wake wawili waliwe na ngome ya adui ili mfalme wake apate kupenya mbele. Aliyehesabu kete alimwona amepungukiwa; aliyejua miisho alimwona ameshinda.

Wala tusidhani kwamba moyo wake ulikuwa wa chuma. Mwaka 1914 huko St. Petersburg, akiwa anaongoza, alishindwa na Lasker katika mchezo wa kuamua, na kesho yake akashindwa tena na Tarrasch. Alimaliza wa pili, nusu alama nyuma. Hakuvunjika. Tangu 1916 hadi 1924 hakushindwa hata mchezo mmoja rasmi, na mwaka 1921 alimvua Lasker taji mjini Havana kwa ushindi mara nne na sare kumi. Mwaka uo huo alitoa kitabu cha misingi ya mchezo, ambacho humwanzisha mwanafunzi kwa kete chache za mwisho kabla ya kumpeleka kwenye mbinu za ufunguzi.

Mwaka 1927, huko Buenos Aires, Alexander Alekhine alimnyang'anya taji baada ya michezo 34. Alekhine alikuwa amejiandaa kwa bidii kubwa. Capablanca alikitegemea mno kipaji chake. Hakupata tena nafasi ya marudiano. Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 alianguka katika klabu ile ile ya Manhattan akitazama wengine wakicheza, na kesho yake akafariki dunia.

Somo kwetu ni bayana. Kipaji kilimpandisha, lakini kilichomtuliza dakika za mwisho ni maarifa, na kipaji kilipoachwa peke yake hakikutosha. Sisi huwakaririsha wanafunzi hatua kumi za ufunguzi, kisha tukawalaumu wanapotetemeka mahali ambapo hatukuwahi kuwafikisha. Tuanzie mwisho. Mwalimu asinung'unike kwamba shule yake ina ubao mmoja na kete zimepotea nusu: wafalme wawili na askari mmoja ni kete tatu tu, na vizibo vya chupa vya Eastlands vyatosha kabisa. Mtoto aliyeurudia mwisho huo mara mia kwa utulivu, siku ya pambano mkono wake utakumbuka hata moyo ukienda mbio.