Bwana Afya Aliyeshika Kalamu

Marehemu Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alikuwa Bwana Afya serikalini, kazi yenye mshahara wa uhakika. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Wangapi kati yetu tungethubutu kuacha kazi ya namna ile?

Riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58, ikachapwa mwaka 1960. Humo Bwana Msa, kiko mdomoni, anamtafuta mwuaji wa damu na nyama pale ambapo wengine wanahofia mzimu. Alifariki mwaka 1991.

Wanafunzi wangu wa Iringa na Mbeya, waliokua wakiogopa mizimu, waligombania nakala yetu moja hata jalada likachanika.