Yamada Nagamasa: mgeni aliyemlinda mfalme, akamalizwa na sumu

Wapenzi wa filme za kupigana wanamufahamu Yamada kupitia filme ya Thailandi ya 2010, mahali samurai huyu anajifunza ngumi na viwiko vya Kithai. Kumbe kwao Japani alikuwa mbeba machela wa mkubwa mmoja wa Numazu. Karibu 1612 alifika Ayutthaya, mji mkuu wa Siam, akatumika mupaka akaongoza askari Wajapani waliomlinda Mfalme Songtham.

Mfalme alikufa 1628. Yamada akasimama na mtoto wake. Prasat Thong, mwenye kutaka kiti kile, akamtuma mbali kusini, Ligor, kuwa gavana. Huko, 1630, aliumia mguu vitani. Inasimuliwa kwamba dawa ya kidonda ilitiwa sumu. Mwaka uleule, mtaa wa Wajapani kule Ayutthaya ukachomwa.