Frederick Selous na Misimu ya Kumfuata Ayala

Kwa wakazi wa Mtanda na Lindi nzima, Selous ni jina la pori: lile pori kubwa la akiba linaloingia mkoani kwetu upande wa Liwale, lenye tembo, nyati na mbwa mwitu. Kabla ya kuwa jina la pori lilikuwa jina la mtu, msasi aliyezaliwa mjini London tarehe 31 Desemba 1851 na kuzikwa Beho Beho, kaskazini mwa mto Rufiji. Hakuwa mtu wa Kanisa letu, wala maisha yake hayakuwa ya utakatifu. Hata hivyo yanatualika kutafakari jambo linalomgusa kila mwamini: mwanadamu hufuata nini kwa miaka mingi, naye anabaki na nini baada ya kukipata?

Frederick Courteney Selous alifika Afrika ya Kusini mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 19. Mwaka uliofuata alimwendea Lobengula, mfalme wa Wandebele, kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona mdogo mno kwa kazi hiyo, lakini alimruhusu. Kwa karibu miaka ishirini kijana huyo aliishi porini, akijifunza njia za wanyama, mito na lugha za wenyeji.

Ujuzi huo haukutumika kwa uwindaji peke yake. Mwaka 1890 Selous aliongoza msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia nchi ya Washona, akiwachagulia njia katika pori alilolijua. Katika vita vya mwaka 1893 na vya mwaka 1896 alipigana upande wa walowezi dhidi ya Wandebele, watu wa mfalme yule aliyempokea ujanani. Hatuwezi kusimulia habari zake kwa haki tukilinyamazia jambo hilo.

Baada ya kuoa mwaka 1894 alifanya makao yake Uingereza, lakini hamu ya kuwinda haikumwacha. Sasa alivutwa na ayala, mnyama tunayemfahamu zaidi kwa kumsikia katika Zaburi akiyaonea shauku maji ya mito. Katika kisiwa cha Newfoundland, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, wanaishi ayala wa nchi za baridi, wenye pembe pana zilizotawanyika kama matawi ya mti. Pembe za tandala au pofu hukaa kichwani maisha yote, lakini ayala huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Zinakomaa kabla ya majira ya baridi, wakati makundi yanapohama kuelekea kusini. Msasi anayekosa nafasi katika majuma hayo machache hurudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine.

Selous alisubiri. Alikwenda Newfoundland mwaka 1900, akarudi mwaka 1901, kisha akarudi tena mwaka 1905. Wasasi wengi walijipanga kando ya reli na kuwapiga ayala walipokuwa wakivuka. Yeye aliona njia hiyo haina heshima, akaingia bara mahali pasipo na watu, kwa mtumbwi na kwa miguu, katika mvua na baridi. Mwaka 1904 na mwaka 1906 alikwenda mbali zaidi, hadi Yukon huko Kanada, kuwatafuta ayala wakubwa kuliko hao. Alikuwa mtu wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye mke na watoto, akivuka bahari kwa ajili ya dume mmoja mwenye pembe bora kuliko yule wa msimu uliopita.

Uvumilivu wa namna hiyo unastahili heshima. Aliweza kukaa kimya kwa muda mrefu, kustahimili njaa, na kumwacha mnyama apite kwa kuwa hakuwa yule aliyemkusudia. Lakini kila msimu ulipofanikiwa, mnyama aliyetafutwa kwa upendo mwingi hivyo aligeuka kichwa cha kutundikwa ukutani, nayo hamu ikaanza upya.

Nduguye mdogo, Edmund, alikuwa na uvumilivu huohuo. Naye alianza kwa kuua na kukusanya, kisha akaiweka bunduki chini na kuanza kukaa vichakani akiwatazama ndege na kuandika walivyoishi. Mwaka 1901, mwaka ambao Frederick alirudi Newfoundland, Edmund alitoa kitabu chake juu ya kutazama ndege. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, wenye macho makali na subira ileile. Mmoja alirudi na pembe, mwingine alirudi na maarifa, na ndege wake wakabaki hai.

Vita Kuu ilipoanza, Selous aliomba kwenda vitani ingawa umri wake ulikuwa umepita miaka 60. Mwaka 1915 alitua Mombasa pamoja na kikosi chake. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho, mlengaji wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi, naye akafa akiwa na miaka 65. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 4 Januari 1918, mwanawe Freddie, rubani, aliuawa vitani. Vita hiyohiyo ilifika hata Lindi na Mahiwa, na wapagazi wengi Waafrika walikufa bila kaburi lenye jina.

Mwaka 1922 pori lilipewa jina la Selous. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa Liwale, ikitaja ugonjwa wa malale, na ardhi yao ikaingizwa katika hifadhi. Tangu mwaka 2019 sehemu ya kaskazini, pamoja na kaburi la Beho Beho, imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako wanyama hutazamwa na hawawindwi.

Hivyo msasi huyu amelala mahali ambapo pofu na tandala hupita bila kuogopa bunduki. Tumwombee yeye na mwanawe, tuwaombee wapagazi na wale waliohamishwa. Nasi tunaojifunza subira tujiulize: tunachokifuata msimu hata msimu, je, tukikipata kitaendelea kuwa hai mikononi mwetu?