Robert Stephenson: mutoto wa mugodi aliyesoma pamoja na baba yake

Kila mwaka, wakati wa matokeo ya Exetat, tunasikiaka wazazi wengi hapa kwetu wakiuliza neno moja: mutoto wa mufanyakazi wa mugodi, baba mwenyewe hakusoma, ataweza kweli kuingia universite na kushindana na watoto wa wakubwa? Leo tunaleta maisha ya mutu mumoja aliyezaliwa zaidi ya miaka 200 iliyopita mu Uingereza, kati ya watu wa makala ya mawe. Jina lake Robert Stephenson. Alijenga mashini za treni na madaraja yaliyojulikana dunia nzima.

Tuanze na baba, juu bila baba hatutamuelewa mutoto. George Stephenson alizaliwa mwaka wa 1781 mu kijiji cha Wylam, karibu na muji wa Newcastle. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa kutia moto mu mashini ya kuvuta maji ya mugodi. Feza ya masomo haikuwa. George alifika miaka 18 bila kujua kusoma wala kuandika jina lake. Ni pale alianza kulipa mwalimu wa mangaribi, makuta yakitoka mu mushahara wake mudogo, kisha kazi ya muchana kuisha.

Robert alizaliwa tarehe 16 mwezi wa kumi, 1803. Hakumjua mama yake vizuri: mama alikufa mwaka wa 1806 na ugonjwa wa kifua kikuu, mutoto akiwa bado hajafika miaka tatu. George akabaki na mwana mumoja, na baba yake muzee aliyepofuka macho kwa hasara ya kazi. Mangaribi alitengeneza viatu vya majirani na saa zao, apate franga za kumusomesha Robert.

George alikuwa na tabia moja: hakukubali kitu juu tu wakubwa wamesema. Siku za kupumzika alifungua mashini yake, akatosha kila kipande, akakipangusa, akakirudisha. Mwaka wa 1811, mu mugodi wa Killingworth, pompi moja ilishindwa kutosha maji, na mafundi wote walishindwa nayo. George akaomba kujaribu. Kisha siku kidogo, shimo likakauka. Mwaka uliofuata wakamufanya fundi mukubwa wa mashini zote za mugodi.

Lakini jambo lililogusa moyo wake zaidi ni lile la taa. Wakati ule wafanyakazi walishuka mu mashimo na moto wazi, na gazi ya makala ikilipuka, watu wanakufa kwa wingi. Mu mugodi wa Felling, mwaka wa 1812, watu 92 walikufa siku moja. George akafikiri taa ambayo moto wake hauwezi kulipusha gazi. Mwezi wa kumi wa 1815 akaijaribu mwenyewe chini ya shimo, pahali gazi ilikuwa inatoka. Taa ikafanya kazi. Siku zilezile, Humphry Davy, mutu wa sayansi mukubwa wa London, akaonyesha taa yake pia. Davy akapata heshima na feza £2000. George akapewa feza kidogo sana, tena watu wa London wakasema haiwezekani fundi asiyesoma kugundua kitu kama kile. Watu wa Newcastle walimutetea na kumuchangia £1000, lakini kidonda kilibaki. George alikuwa na akili, alikuwa na kazi ya kuonyesha, lakini hakuwa na maneno ya wasomi ya kujitetea. Mwanawe asipate haya ile: hiyo ndiyo ilikuwa nia yake.

Mwaka huo wa 1815 Robert akaingia masomo ya mwalimu Bruce mu Newcastle. Njia ilikuwa ndefu, baba akamununulia punda. Kule watoto wa mujini walichekelea lugha yake ya mugodini. Yeye akaendelea kusoma. Mu muji ule kulikuwa shirika la watu wanaopenda elimu, lenye nyumba kubwa ya vitabu, na mukubwa mumoja wa shirika, pasta William Turner, akamupenda kijana. Akamuonyesha vitabu vya kusoma, akamufasiria vyombo vya sayansi. Vitabu ambavyo havikuruhusiwa kutoka, Robert alivisoma palepale, akaandika yale ya maana, akarudi nyumbani kumuelezea baba.

Tuangalie vizuri, juu siri iko hapa. Mangaribi baba na mwana walikaa kwenye meza moja. Robert alifasiria picha za mashini zilizo mu kitabu. George naye alimuuliza: kwa nini iko hivi? Ingekuwa namna ingine, ingefanya nini? Mutoto hakuweza kukariri tu kama kasuku, juu baba asingeelewa. Mwaka wa 1816 walitengeneza pamoja saa ya jua ya jiwe. Hesabu ya jua waliitafuta mu kitabu cha nyota, wakaipiga wenyewe kwa pahali walipokaa, kisha wakaweka ile saa juu ya mulango wa nyumba yao. Inaonekana mpaka leo.

Mwaka wa 1819 baba hakumutuma universite haraka. Alimuweka kwanza chini ya Nicholas Wood, mukubwa wa kazi mu Killingworth. Robert akashuka shimoni, akapima njia za chini, akajifunza kazi kwa mikono. Alipoingia Universite ya Edinburgh, mwaka wa 1822, alikaa miezi sita tu, juu feza ya baba haikuenea zaidi. Lakini alijua anatafuta nini: sayansi ya vitu, kemia, na elimu ya mawe. Alifika akiwa na maswali ya shimoni, na alirudi na majibu. Wengine wanakaaka miaka mitano mu universite bila swali hata moja.

Mwaka wa 1823, hajafika miaka 20, akapewa kuongoza kiwanda cha mashini mu Newcastle. Kisha akaenda Kolombia kuangalia migodi ya feza, pahali wafanyakazi wakubwa kwa umri walimuzarau. Akavumilia miaka mitatu. Akarudi, na mwaka wa 1829 mashini yake ya treni, Rocket, ikashinda mashindano ya Rainhill.

Hatutaficha hasara yake. Mwezi wa tano wa 1847, daraja lake la chuma juu ya muto Dee lilianguka na treni, na watu watano wakakufa. Jambo lile lilimuumiza sana. Kwa daraja kubwa la Britannia, lililofunguliwa mwaka wa 1850, hakuamini akili yake peke yake: aliita Fairbairn, fundi wa chuma, na Hodgkinson, mutu wa hesabu, wakavunja vielelezo vidogo mara nyingi mbele ya kujenga. Kujifikiria mwenyewe si kukataa shauri. Ni kukataa kusadiki kitu kisichojaribiwa, hata kikitoka mu kichwa chako.

Alikufa mwezi wa kumi wa 1859, akazikwa London, mu kanisa la Westminster, kati ya wakubwa wa inchi yao. Mu miaka yake ya mwisho alikuwa prezida wa lile shirika la Newcastle, lenye vitabu alivyovisoma akiwa mutoto wa punda.

Baba na mama, hatusemi kila mutoto atakuwa Stephenson. Tunasema hivi: kama hukusoma, usikimbie kitabu cha mwana wako. Kaa karibu naye mangaribi, umuambie akufasirie, na umuulize kwa nini. Kisha mutafutie mutu wa kumuongoza: mwalimu, pasta, fundi wa kazi mwenye moyo. Siku atakapopiga mulango wa universite, hataingia na mikono mitupu.